PIKIPIKI YA MJOMBA: SOMO LA KUREFUSHA UMA WA NYUMA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi wa kwetu mtaani Pioneer, hapa Eldoret, tulifunzwa na pikipiki.

Likizo ya Aprili iliyopita, mjomba wangu alikuwa akitoka upande wa Kapseret alfajiri, mikebe miwili ya maziwa nyuma yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alipoingia katika shimo moja dogo tu, la kawaida, alisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Gurudumu la nyuma likalala upande. Mjomba akaenda chini, maziwa yakaenda chini. Mfupa wa mtulinga ulivunjika na kwa majuma sita hakuweza hata kuvaa shati bila kusaidiwa. Na maziwa hayo, msomaji, ndiyo karo yangu.

Kilichovunjika ni nini? Ni uma wa nyuma, uliokuwa umerefushwa majuma mawili kabla ya hapo. Nilipokuwa nikishinda gerejini kumsaidia kuifufua ile pikipiki, nilijifunza mambo ambayo laiti tungaliyajua mapema, mjomba hangalianguka. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kuna wengi hapa Sisibo wanaorefusha pikipiki zao, na wengi wetu wanachama tuna kaka, baba au mjomba anayeitegemea pikipiki kwa unga wa kila siku.

PIKIPIKI YENYEWE

Ni Honda ya zamani aina ya Cub, ambayo babu aliitumia kabla ya mjomba. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 72, au "sisi" 72 kama wasemavyo waendeshaji. Honda walianza kuuza Cub ya aina hii huko Japani mwaka wa 1958, ikiwa na injini ya sisi 49. Ilipendwa kwa sababu haikuwa na mkono wa klachi. Mtu hubadilisha gia kwa mguu tu, na mkono mmoja ukabaki huru. Fremu yake si ya mabomba matupu bali ya bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine. Kufikia mwaka wa 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine chenye injini kilichowahi kufikia idadi hiyo.

Cub ina ndugu yake mdogo zaidi, ile iitwayo Monkey. Iliundwa mwaka wa 1961 iwe ya kuchezewa na watoto katika bustani ya Tama Tech, karibu na Tokyo. Magurudumu yake yalikuwa ya inchi 5 tu, na nyuma haikuwa na springi yoyote. Hadi leo wapenzi wa vipikipiki hivyo, Japani, Ulaya na Marekani, huwa hawaziachi kama zilivyo. Huziwekea uma mrefu wa nyuma na shoko ndefu. Wao hufanya hivyo kwa starehe ya Jumapili. Sisi hapa hufanya hivyo kwa sababu ya mzigo.

Hapa kwetu kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli huko mpakani Busia katika miaka ya 1960. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, zile zisizozidi sisi 250, pikipiki zikajaa kila kona. Mafundi nao wakajaa. Ndiyo sababu leo ukienda stendi yoyote utaona pikipiki iliyoinuliwa nyuma kama jogoo anayetaka kuwika. Mwenyewe atakwambia, "Hii ni ya kubeba." Lakini ukimuuliza ni nini kingine kilichobadilika alipoiinua, atakutazama tu.

UMA NA SHOKO HUFANYA KAZI GANI?

Fikiria mlango. Mlango una bawaba upande mmoja, na upande wa pili unafunguka na kufungika. Uma wa nyuma ni kama mlango uliolazwa. Bawaba yake ni bolti ndefu inayopita katikati ya fremu, nyuma kidogo ya injini. Upande wa pili kuna ekseli iliyobeba gurudumu. Gurudumu likikutana na jiwe, uma hupanda. Likiingia shimoni, hushuka. Mafundi wetu huuita swingamu. Mimi nitauita uma wa nyuma, kwa kuwa ndivyo ulivyo: una meno mawili, na gurudumu liko katikati.

Shoko, au shokomzoba kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, ziko mbili, kila upande moja. Ndani yake mna vitu viwili vyenye kazi tofauti. Springi hubeba uzito. Mafuta yaliyomo hutuliza springi, ili isirukeruke kama mpira baada ya kila shimo. Basi mtu akisema "shoko imeisha", mwulize ni kipi kilichoisha. Springi ikichoka, pikipiki huketi chini. Mafuta yakivuja, pikipiki hucheza ngoma.

KWA NINI MJOMBA ALITAKA UREFU?

Mikebe yake ni miwili, ya lita 25 kila mmoja. Lita 50 za maziwa zina uzito wa kilo 51 na nusu hivi. Ongeza mikebe yenyewe na keria, jumla ni kama kilo 60. Keria ya babu ilikuwa imefungwa nyuma sana, hata katikati ya mzigo ikawa sentimita 20 nyuma ya ekseli.

Sasa kumbuka mchezo wa pembea ya ubao tuliocheza utotoni. Kitu kikikaa nyuma ya ekseli, huinua upande wa mbele. Toka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni sentimita 120. Chukua kilo 60, zidisha kwa 20, gawa kwa 120. Unapata 10. Yaani gurudumu la mbele lilipungukiwa kilo 10 nzima, tena hapo ni barabara tambarare. Kwenye mlima mambo huwa mabaya zaidi. Mjomba alikuwa akilalamika, "Usukani umekuwa mwepesi kama karatasi. Nikipanda mlima nahisi naelea."

Uma ukirefushwa, gurudumu la nyuma husogea nyuma na kwenda chini ya mzigo. Tukirefusha kwa sentimita 5, mzigo utabaki sentimita 15 tu nyuma ya ekseli, na urefu kati ya magurudumu utakuwa 125. Kilo 60 mara 15, gawa kwa 125, ni 7.2. Mbele inarudishiwa karibu kilo 3. Kwa hiyo wazo la mjomba halikuwa la kijinga. Kosa lilikuwa katika namna lilivyotekelezwa.

KOSA LA KWANZA

Alikwenda kwa mchomeleaji mmoja aliyemwambia, "Hiyo ni kazi ya saa moja, mzee." Akaukata uma wa zamani katikati, meno yote mawili, akatia vipande vya bomba na kuchomelea kuzunguka. Akasugua kwa grinda mpaka ukawa laini, akapaka rangi nyeusi. Ulipendeza kweli! Lakini nzuri haikosi ila.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole mwenye gereji ya mabati karibu na kwetu, aliushika ule uma uliovunjika akanionyesha.

"Kijana, hebu tazama. Umevunjikia wapi?"

"Kando ya weldi, fundi."

"Si juu ya weldi?"

"La. Kando yake."

Akatikisa kichwa. Akanieleza mambo manne ambayo niliyaandika nyuma ya daftari.

Kwanza, uma wa Cub ni wa bati lililokandamizwa. Bati hilo ni jembamba. Weldi ya umeme ya kawaida hulitoboa au hulichoma kupita kiasi.

Pili, chuma kando ya weldi hupata moto mkali kisha hupoa ghafla, na hapo tabia yake hubadilika. Ndiyo sababu ufa huanza kando, si katikati.

Tatu, mkato ulikuwa wa wima, umeungwa uso kwa uso, bila kipande cha ndani cha kushikilia pande zote mbili. Kama ni lazima kuunga, mkato huwa wa mshazari ili weldi iwe ndefu, na ndani hutiwa bomba linalopita pande zote mbili za kiungo.

Nne, kile kilichopendeza macho ndicho kilichoua. Grinda ilipunguza weldi mpaka ikawa nyembamba kuliko bati lenyewe.

"Rangi nyeusi ni blanketi," mzee alisema. "Hufunika mgonjwa, haimponyi."

MAMBO MATATU YANAYOBADILIKA BILA KUONEKANA

Kabla ya kushika spana tulipiga hesabu. Uma wa zamani, kutoka bawabani hadi kwenye ekseli, ulikuwa sentimita 40. Ule mpya tuliokusudia ulikuwa 45. Tofauti ni sentimita 5, karibu inchi 2.

Jambo la kwanza: pikipiki hulegea. Uma mrefu ni mtaimbo mrefu. Ukitaka kung'oa jiwe unachukua mtaimbo mrefu ili upate nguvu, sivyo? Basi gurudumu nalo hupata nguvu hiyo hiyo dhidi ya shoko. Isitoshe, hesabu hii huja mara mbili. Springi husukumwa kwa nguvu zaidi, na kila inapobonyea kidogo, gurudumu hupanda zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana unazidisha 40 gawa kwa 45, halafu tena 40 gawa kwa 45. Jibu ni 0.79. Kumbe kwa sentimita 5 tu, na shoko zile zile zikiwa umbali ule ule kutoka bawabani, nyuma imepoteza thuluthi... la, nisitie chumvi: imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya ugumu wake. Mtu aliyerefusha ili abebe zaidi amejikuta na pikipiki inayobeba kidogo!

Jambo la pili: shoko ndefu hubadilisha usukani. Tulijaribu kwanza shoko za sentimita 36 mahali pa zile za 33. Kwa sababu ya ule mtaimbo, sentimita 3 za shoko zilikuwa karibu 4 kwenye gurudumu. Nyuma ikapanda, mbele ikainama, na nguzo ya usukani ikasimama wima zaidi kwa karibu digrii 2. Utasema digrii 2 ni nini? Tazama kigari cha sokoni chenye vigurudumu vidogo: gurudumu hufuata nyuma ya nguzo yake, na kufuata huko ndiko kunakolinyoosha. Pikipiki ni vivyo hivyo. Ukisimamisha nguzo, unapunguza kule kufuata, na usukani huanza kutapatapa, hasa kwenye mteremko.

Jambo la tatu: cheni hubadilika kila uma unapopanda na kushuka. Sproketi ya mbele haiko mahali pamoja na bawaba ya uma. Iko mbele yake kidogo. Kwa hiyo umbali kati ya sproketi mbili haubaki mmoja. Huwa mrefu kabisa pale sproketi ya mbele, bawaba na ekseli vinapokuwa katika mstari mmoja ulionyooka. Shoko ndefu zikiuinamisha uma, cheni itaonekana imelegea vizuri pikipiki ikiwa imesimama tupu, kumbe mzigo ukipakiwa itakaza kama kamba ya kitanda. Cheni iliyokaza hivyo hula beringi na sproketi, na inaweza kukatika njiani.

JINSI KAZI ILIVYOFANYWA

Fundi hakuchomelea uma tena. Alitafuta uma mzima wa bomba la chuma, uliotoka kwenye pikipiki ya mtumba ya aina nyingine, wenye urefu tuliotaka. Huu ndio mpango wake, hatua kwa hatua.

1. Kupima kabla ya kufungua. Tulipima unene wa bolti ya bawaba, upana kati ya mabamba ya fremu, upana kati ya meno ya uma pale tairi linapopita, na mahali shoko zinapofungwa. Yote yaliandikwa. Uma unaweza kuwa na urefu sawasawa na bado ukakataa kuingia.

2. Bushi. Uma mpya ulikuwa na tundu kubwa kuliko bolti yetu. Fundi alipeleka kipande cha chuma kikakerezwa kwenye mashine ya lethi, zikapatikana bushi mbili zinazoingia bila kucheza. Akanikataza kabisa kujaza nafasi kwa bati lililokunjwa. "Hapa pakicheza upana wa ukucha," alisema, "kule nyuma patacheza upana wa kidole."

3. Kusimamisha shoko wima. Vishikio vya uma mpya vilikuwa nje zaidi kuliko vya fremu. Tuliongeza washa nene upande wa juu ili kila shoko isimame wima ikitazamwa kutoka nyuma. Shoko iliyoegemea upande hula sili yake, na mafuta humwagika.

4. Kupandisha uma bila shoko. Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote, nalo halina gharama. Tuliondoa shoko zote mbili, tukaweka gogo chini ya injini, kisha tukainua gurudumu kwa mkono polepole mpaka juu kabisa. Tuliangalia kama tairi linagusa madigadi, kama ekseli zoho inagusa njia ya moshi, kama waya wa taa unabanwa. Tairi letu liligusa bolti moja ya madigadi. Tungejuaje bila jaribio hili? Tungejua siku ya shimo kubwa.

5. Cheni. Tukiwa bado bila shoko, tuliushika uma pale sproketi, bawaba na ekseli zilipokuwa mstari mmoja, na hapo ndipo tulipoipima cheni. Tuliiachia icheze sentimita 1 na nusu hadi 2. Kwa kuwa cheni yetu ina pingili za milimita 12.7, na cheni huenda na kurudi, sentimita 5 za uma zilidai sentimita 10 za cheni, yaani pingili 8. Fundi alinunua cheni mpya ndefu. Hakuunga kipande kipya kwenye cheni kuukuu, maana cheni iliyotumika imekwisha vutika na pingili zake hazilingani na mpya. Kile kifuniko cha cheni cha Cub hakikutosha tena, kikatolewa. Kwa hiyo sasa mjomba huitia mafuta mara kwa mara, kwa sababu matope yanaifikia.

6. Breki. Nondo ya kuvuta breki ya nyuma ilikuwa fupi. Fundi alitengeneza nyingine nzima yenye hesi. Hakuunga ile ya zamani. Kisha akanionyesha fito fupi linalotoka kwenye sahani ya breki hadi kwenye uma. Kazi yake ni kuizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu unapokanyaga breki. Fito hilo likisahauliwa, siku ya kwanza ya breki kali sahani itazunguka na gurudumu litajifunga. Nati yake lazima iwe na pini ya kuizuia isifunguke.

7. Kunyoosha magurudumu kwa uzi. Funga uzi kwenye tairi la nyuma, uvute pande zote mbili mpaka mbele. Tairi la mbele ni jembamba kidogo, kwa hiyo utaona upenyo mdogo kila upande. Upenyo wa kushoto uwe sawa na wa kulia. Usiamini alama zilizo kwenye uma wa mtumba. Hujui umepitia nini.

8. Kukaza bawaba mwisho. Bushi za mpira haziteleziki, hujisokota. Ukizikaza gurudumu likining'inia, zitakuwa zimesokotwa siku zote mzigo ukiwapo, na zitachanika upesi. Shusha pikipiki chini, iketi kama inavyoketi barabarani, ndipo ukaze.

9. Stendi. Nyuma ikipanda, stendi huwa fupi. Stendi ya kati ilishindwa kuinua gurudumu, na ile ya kando iliilaza pikipiki kupita kiasi. Fundi aliongeza vipande vya chuma chini ya miguu ya stendi. Stendi haibebi mtu akienda kasi, basi hapo weldi haina neno.

KUJARIBU

Zile shoko za sentimita 36 hazikudumu. Mjomba alizunguka nazo mtaani mara moja tu, akarudi amekunja uso: "Inanitupa huku na huku kama punda mkaidi." Tulizitoa. Mwishowe tuliweka za sentimita 34 zenye springi ngumu zaidi. Tazama hapo, msomaji: tulichohitaji hakikuwa shoko ndefu, bali shoko ngumu. Watu wengi huinua pikipiki wakidhani kuinuka ndiko kuwa na nguvu.

Kisha tukajaza mikebe maji badala ya maziwa. Uzito unakaribiana, na maji yakimwagika hakuna anayelia. Tulipima kutoka kwenye ekseli hadi alama tuliyoichora chini ya kiti: kwanza pikipiki tupu, kisha mjomba akiwa ameketi, kisha mjomba na mikebe. Kanuni ya fundi ilikuwa hivi: mwendeshaji peke yake asimeze zaidi ya theluthi ya nafasi ya gurudumu kupanda, na mzigo wote usimeze zaidi ya nusu. Nusu iliyobaki ni ya mashimo.

Baada ya siku tatu tulirudi gerejini. Kila nati ilikazwa upya, na kila kiungo kikafutwa kwa kitambaa na kutazamwa kama kina ufa. Baada ya majuma mawili tukafanya hivyo tena. Ule uma wa kwanza haukuvunjika ghafla. Ulianza na ufa mwembamba kama unywele, siku kadhaa kabla, na hakuna aliyeinama kuutazama.

HESABU ILIYOCHELEWA

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nikose usingizi. Usiku mmoja, nikirudia hesabu zangu kwa taa ya mezani, nilijiuliza: je, kama tusingaligusa uma, ila tungalisogeza tu keria mbele kwa sentimita 5? Kilo 60 mara 15, gawa kwa 120. Jibu: 7.5.

Rudi juu utazame. Kwa kurefusha uma, mbele ilipungukiwa kilo 7.2. Kwa kusogeza keria, ingepungukiwa 7.5. Tofauti ni gramu 300, uzito wa embe moja! Na kusogeza keria ni bolti nne tu. Hakuna kukata, hakuna weldi, hakuna springi kulegea, hakuna cheni mpya. Hakuna mtulinga kuvunjika.

Asubuhi nilimwonyesha mjomba lile daftari. Mkono wake ulikuwa bado kwenye tanda. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Na hesabu hii mlifundishwa lini?"

"Kidato cha Pili, mjomba."

"Kidato cha Pili." Akanyamaza. "Na mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba nilipoifanya hesabu hiyo darasani, ilikuwa ya ubao na mawe mawili kwenye kitabu. Nikapata alama zote, nikafunga daftari. Sikuwahi kufikiri kwamba lile jiwe lingeweza kuwa mkebe wa maziwa, na kwamba ubao ni pikipiki ya nyumbani kwetu, ambayo imesimama nje ya dirisha kila siku.

Siku hiyo hiyo tulitoa kiti kirefu tukaweka cha mtu mmoja, kwa kuwa mjomba habebi abiria, kisha keria ikasogezwa mbele sentimita 5. Sasa mzigo uko sentimita 10 tu nyuma ya ekseli. Kilo 60 mara 10, gawa kwa 125, ni 4.8. Kutoka kilo 10 hadi chini ya 5. Mjomba akipanda mlima siku hizi, usukani una uzito mkononi.

MSAMIATI WA GEREJI

Kwa kuwa hili ni jarida la chama chetu, nawaachia maneno machache niliyookota gerejini.

Bawaba: mahali uma unapozungukia, kama bawaba ya mlango.
Hesi: mikato ya kuzunguka kwenye bolti au nondo ambamo nati hupita.
Kereza: kuchonga kitu kikizunguka kwenye mashine.
Mshazari: mkato au mstari ulioinama, si wima wala si mlalo.
Pingili: kipande kimoja cha cheni, kama pingili ya muwa.
Upenyo: nafasi nyembamba kati ya vitu viwili.

TAMATI

Simkatazi mtu kurefusha pikipiki yake. Uma mrefu una faida, na mafundi hodari tunao hapa Eldoret. Ninalosema ni hili: pikipiki ni kama jamaa moja. Ukimgusa mmoja, wote watauliza. Gusa uma, na springi, cheni, breki, usukani na stendi vyote vitakuja kudai. Asiyewasikiliza mapema atawasikia barabarani.

Na kabla hujakata chuma, chukua kwanza futi na karatasi. Anza na lile lisilo na gharama. Mtulinga wa mjomba umeunga, lakini ukiugusa utahisi kivimbe kidogo, na siku za baridi humuuma. Kila akiushika mbele yangu, najua ananikumbusha lile daftari.